Pete Saba za Gobori la Babu

Nilikwenda Ruiru kutafuta kazi ya mashine, si ya bunduki. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa mwaka uliotangulia, na kwetu, mashariki ya Thika ukishapita mashamba ya mkonge ukauona Kilimambogo vizuri, mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili. Jirani yetu mmoja alikuwa nyapara katika shamba la kahawa juu ya mto Ruiru. Akaniombea nafasi kwenye kinu cha kumenya kahawa. Nikapewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, blanketi, na kopo la grisi. Kazi yangu ilikuwa kupaka grisi, kukaza nati, na kuokota vijiwe vilivyokuja na kahawa kabla havijavunja meno ya mashine.

Mwenye shamba alikuwa Mzungu wa makamo, mrefu, masikio yamebabuka kwa jua. Hakuwa mkali kuliko wenzake. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia habari hii hutaka nimpake masizi, nami sina haja ya kuongeza kitu. Alipenda bunduki za zamani, zile ambazo baruti na risasi hutiwa mdomoni na kushindiliwa kwa ufito. Sisi tunaziita magobori. Alikuwa nayo manne, ametoka nayo kwao, na siku za mapumziko alishuka mtoni kupiga makopo.

Siku niliyojulikana kwake nilikuwa nasafisha mfereji wa maji ya kinu. Yeye alikuwa ng'ambo ya mfereji, hatua thelathini hivi. Nikasikia fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, ikilia, tap, halafu kimya. Akaweka fataki nyingine. Tap. Kimya. Basi akaligeuza lile gobori, akainama kuchungulia ndani ya mdomo wake.

Sikufikiri. Nilipiga kelele, "Bwana! Usiangalie! Geuza!"

Akashtuka, akaligeuza kuelekea mtoni. Wafanyakazi wenzangu waliacha majembe wakanitazama kama mtu aliyekwisha kufukuzwa. Yeye akaniita kwa kidole.

"Wewe nasema nini?"

"Bwana, moto unaweza kulala ndani. Unangoja kwanza. Halafu tundu limeziba."

"Wewe najua hii bunduki?"

Nikamwambia najua. Tulingoja kitambo, mdomo wa bunduki ukielekea majini. Kisha nikang'oa unyoya mmoja wa waya kwenye brashi yangu ya grisi, nikazibua kitundu ambacho moto wa fataki hupitia, nikadondosha chembe chache za baruti humo, tukaweka fataki mpya. Akafyatua. Likalia vizuri, moshi mweupe ukatanda juu ya maji. Alicheka peke yake kama mtu aliyepona jino.

"Nani nafundisha wewe?"

"Baba yangu, Bwana. Naye alifundishwa na baba yake."

"Baba yako iko na bunduki kama hii?"

Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimetoka kumshinda Mzungu kwa kitu anachokipenda. Nikasema ndiyo, analo. Nikasema na mengine. Nikamwambia lina pete saba za shaba.

Babu alilipata gobori lile kwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliokuwa wakipita kwetu wakienda pwani. Alilipa kwa pembe, nusu yake ikiwa ya kukopa. Kila ndovu aliyemwangusha, mhunzi wa kwetu alimzungushia pete ya waya wa shaba kwenye mti wa bunduki, waya mwembamba uliosukwa ukakaa ndani ya mti kama umezaliwa humo. Pete ya tano ilikuwa ya uongo. Ndovu yule walimkuta amekwisha kufa, babu akampiga risasi akiwa amelala, ili asirudi nyumbani na maneno matupu. Baba alinieleza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama siri ya ukoo, na nadhani aliipenda pete ile kuliko zote. Penye shingo ya kitako mti uliwahi kupasuka, babu akauvika ngozi mbichi ya mguu wa kongoni, ikakauka na kubana hata msumari usingepenya.

Zamani za baba hapakuwa tena na ndovu wa kupiga. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Alilitumia gobori kutishia nyani kwenye mahindi, na mara moja moja kupiga nguruwe wa mwitu. Chifu alijua lipo na hakuwa na neno nalo. Lakini baba alilitunza kuliko ng'ombe. Sheria yake ilikuwa kwamba aliyepiga haketi kula kabla hajaliosha, kwa sababu masizi ya baruti huvuta maji hewani, na ukilala nayo asubuhi unakuta kutu imekwisha kuanza. Maji ya moto, kitambaa, maji ya moto tena mpaka yatoke meupe, kisha likaushwe, kisha mafuta ya mbarika. Nyumba yetu ilinuka mafuta yale. Mpaka leo nikipita penye mbarika uliopondwa namwona baba ameketi mlangoni, bunduki mapajani, ameinamisha kichwa kama anayenyoa mtoto.

Baada ya siku ile ya mtoni niliondolewa kinuni. Nikawa mtu wa bunduki. Bwana alikuwa na chumba chenye meza ndefu na dirisha la vyuma, nami nikakaa humo siku nzima. Niliyeyusha risasi kwenye jiko la makaa na kuzimimina kwenye kalibu, nikakata vitambaa vya kufungia risasi na kuvipaka mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na nta. Nilisugua kutu kwa unga wa matofali na mafuta. Niligundua kwamba magobori yake mawili yalikuwa yakivuta kushoto, na moja lilitaka baruti pungufu kuliko alivyokuwa akilitia. Ili kuyajua hayo ilinibidi nipige mwenyewe. Bwana aliniruhusu, chini kule kahawa inapoishia na nyasi za kuelekea Murera zinapoanza, tukiwa wawili tu. Aliniambia nisimwambie mtu.

Nilipiga vizuri kuliko yeye. Sijisifu. Mkono wake ulikuwa na haraka, akifyatua alifumba macho kwa ajili ya ule mwali unaoruka karibu na shavu. Wageni wake walipokuja, Wazungu wa mashamba ya jirani na wengine wa Thika, wakashindana kupiga mbao, bunduki nilizozitengeneza zilimpa ushindi, naye akanipa kichwa, kile cha kutikisa kidogo tu, kutoka mbali. Nami nilikuwa nyuma yao, nikishindilia. Niliridhika. Hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka, jinsi nilivyoridhika.

Ikaja hali ya hatari, serikali ikawa vitani na wapiganaji wa msituni. Kwenye laini zetu wengi walikuwa Wakikuyu, na asubuhi moja malori yalikuja yakazunguka. Fundi wa kinu, mtu aliyenifundisha kufungua mashine na kuifunga nikiwa nimefumba macho, alipandishwa lori akiwa na spana mkononi. Askari aliichukua akaitupa kwenye kahawa. Mke wake alibaki siku tatu, kisha naye akapelekwa kwao kwenye vijiji vya boma walimokusanywa chini ya ulinzi. Mimi nilipigwa kofi moja, nikaulizwa kabila langu, na Bwana akaja akasema, "Huyu iko mtu yangu." Basi. Nikapewa chumba cha fundi, chenye dirisha na sakafu ya saruji. Mke wangu alikifagia chumba kile kila siku kwa wiki nzima, lakini hakutaka kukitumia kile kigoda walichokiacha. Nikakitoa nje.

Wakati huo mtu mweusi kukutwa na risasi moja mfukoni ilitosha kumnyongesha. Kwetu chifu aliita baraza akatangaza kwamba kila aliye na bunduki ya aina yoyote, hata iliyokufa, ailete. Mdogo wangu alinitumia habari kwamba baba hajaipeleka. Alikuwa ameifunga kwenye mikeka na kuipachika juu ya dari ya ghala.

Nilimweleza Bwana. Nilifunga mlango kabla ya kusema, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nikimtaja baba yangu mahali ambapo kumtaja mtu kulikuwa hatari. Aliweka kikombe chake chini.

"Wakichukua wao, hii bunduki nakwisha," akasema. "Navunja, natupa baharini. Lakini mimi naweza kuweka hapa. Naandika barua. Vita nakwisha, baba yako nakuja, nachukua."

Lilikuwa neno zuri. Mpaka leo sijui kama siku ile alilisema kwa moyo mweupe. Nadhani ndiyo.

Tulikwenda kwa pikapu yake, yeye akiwa na bastola kiunoni kama Wazungu wengi wa siku zile. Alibaki garini chini ya barabara, nikapanda nyumbani peke yangu. Baba alikuwa akichambua mbegu za mbaazi.

"Umekuja na nani?"

"Na Bwana, baba. Nimekuja kwa ajili ya bunduki."

Hakuinua uso. "Hilo ni jambo la chifu na mimi."

"Chifu ataipeleka kwa askari, nao wataivunja. Au wataipata darini, na wewe watakupeleka mahali ambapo hatutakufuata. Bwana ataiweka pamoja na zake. Mimi ndiye ninayezitunza, baba. Itakuwa mikononi mwangu kila siku."

"Mikononi mwako."

"Ndiyo."

"Unaapa?"

Nikaapa. Akaendelea kuchambua mbegu mpaka mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo, akasema, "Mpe mtoto. Bunduki haizai." Baba akapanda ngazi ya ghala mwenyewe, akakataa nimsaidie. Aliifungua mikeka, akaipangusa, akaipeleka hadi barabarani akiwa ameibeba kwa mikono miwili. Bwana alishuka garini akamwamkia vizuri. Akaandika barua ile kwa Kizungu, akiwa ameiweka karatasi juu ya boneti, kwamba amepokea bunduki moja kuukuu kwa kuitunza. Baba hakujua kusoma Kizungu. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake.

Mwaka wa kwanza Bwana hakuigusa. Ilining'inia mwisho wa ukuta, nami niliipaka mafuta ya mbarika ambayo mke wangu aliyaponda mwenyewe. Mwaka wa pili, jioni moja ya mvua, aliiteremsha, akaupima mtutu wake kwa kidole, akamulika ndani kwa tochi. Akasema mtutu ule ni mzuri ajabu, umefuliwa na watu waliojua kazi, ila mdomo wake umelika na mti wake ni takataka.

"Hii ngozi toa," akaniambia. "Hii waya toa. Naona hii? Uchafu. Chini yake maji naingia, mti naoza."

Nikasema, "Bwana, hizo ni alama za babu. Kila moja ni ndovu."

"Mimi najua. Wewe nasema zamani. Lakini bunduki iko bunduki. Mimi natengeneza yeye vizuri, baba yako nafurahi."

Ningeweza kukataa. Nimelizungusha jambo hili miaka mingi, na kila nikilizungusha najikuta pale pale, kwamba ningeweza. Angenirudisha kinuni, labda angenifukuza. Kwa wakati ule, kufukuzwa kwenye shamba bila barua ya tajiri kulikuwa kubaya, lakini hakukuwa kufa. Mimi sikuwa Mkikuyu. Ningefika kwetu.

Nilichukua kisu kidogo, nikaikata ngozi ya kongoni. Ilitoa sauti kama mahindi makavu yanapopukuswa. Pete nilizitoa moja baada ya nyingine kwa ncha ya bisibisi, nikianzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Ya tano ilikataa, ikabidi niikate kwa koleo. Nilizifunga kwenye kitambaa nikaenda nazo chumbani kwetu.

Mti wenyewe ulipelekwa kwa seremala mmoja Mhindi wa Thika, naye akachonga mwingine mpya kwa mti wa rangi nyekundu, mzuri sana. Mtutu ulikatwa urefu wa vidole vinne ili mdomo uwe mpya. Mimi ndimi niliyeusugua ukawa mweupe, kisha nikaupaka dawa ya chumvi na siki siku baada ya siku, mpaka ukageuka kahawia nyororo kama kahawa iliyokaangwa kidogo. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Baadaye wageni walipoisifu, Bwana aliwaambia aliipata porini, imekufa, akaifufua. Nilikifahamu Kizungu cha kutosha kwa hilo. Nilikuwa nyuma yao, nikishindilia.

Hali ilipolegea, watu wakaanza kusafiri bila makaratasi mengi, baba akaja. Hakutuma habari. Nilimkuta asubuhi ameketi langoni, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, Biblia kwapani. Alikuwa amepanda basi hadi Thika, na kutoka Thika hadi Ruiru akaja kwa miguu kwa sababu aliambiwa ni karibu.

Mke wangu akamtilia chai, akampikia uji wa wimbi. Alikunywa kidogo, akauliza habari za watoto, akaniambia nyani wamezidi. Kisha akasema, "Haya. Nimekuja kuichukua."

Nilitaka kumwambia hapo hapo. Mke wangu alinitazama kwa macho ya kunisukuma. Yeye alijua kilichomo kwenye kile kitambaa chini ya kitanda. Nikasema, "Ngoja nimwite Bwana." Nikatoka.

Bwana alikuja kwa furaha. Hakumweka baba nje. Alimwingiza kwenye chumba cha bunduki, akampa kiti. Baba akafungua Biblia akatoa ile barua. Bwana akaisoma, akacheka kidogo, akarudisha. "Ndiyo, mzee. Mimi nakumbuka." Akalichukua gobori kutoka kwenye ukuta, akamwekea mapajani.

Baba alilikagua bila haraka. Alianza na kitako. Alipitisha kidole gumba kwenye shingo, mahali ngozi ilipokuwa, akarudi nyuma, akapita tena. Akaugeuza mti upande wa chini, akatafuta kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani ambacho alikiweka mwenyewe. Akaupima uzito kwa mkono mmoja. Akaunusa mtutu. Kisha akaiinua bunduki kwa mikono miwili akamrudishia Bwana.

"Hii ni bunduki nzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Lakini hii si yetu."

"Mzee, angalia tena," Bwana akasema.

"Nimeangalia. Yetu ilikuwa ndefu. Yetu ilikuwa na pete. Hii si yetu, Bwana. Asante."

Bwana akanitazama mimi. Hakumtazama baba. Alinitazama kwa muda unaotosha mtu kusema neno, naye alijua ninalo. Pete zilikuwa chumbani kwangu, mwendo wa kuvuta nusu ya sigara. Ningekwenda mbio nikazileta, nikazimwaga mezani, nikasema, baba, ndiyo hii, mimi ndiye niliyeifanya hivi kwa mikono ambayo niliapa kwayo. Nilitazama lile jiko la kuyeyushia risasi, na ndani yake mlikuwa na majivu ambayo nilipaswa kuyatoa jana.

"Umesikia?" Bwana akaniambia, akiwa amekwisha kugeuka kuitundika. "Mzee mwenyewe nasema si yake."

Na hilo likawa neno la mwisho katika jambo lile. Hakuiba. Alitoa, akarudishiwa.

Nilimsindikiza baba mpaka stendi ya mabasi ya Ruiru. Mke wangu alikuwa amemfungia viazi na kuku, baba akavikataa kwa upole, akasema atakula nyumbani. Tulipita kahawa yote ile. Pale reli inapokatiza barabara akasimama.

"Ulipata nini?"

"Baba, sikuiuza."

"Sikukuuliza kama uliuza. Nimekuuliza ulipata nini. Nimeona una chumba cha dirisha."

"Baba, walinipa chumba kwa sababu ya kazi."

"Kazi ya kutunza bunduki."

"Ndiyo."

"Na yangu iko wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pili, na mtu hapewi nyingi. Nilisema, "Wakati wa vita vitu vingi vilipotea, baba."

Alitikisa kichwa kama anayekubaliana na habari ya mvua. Alipopanda basi hakukaa upande wa dirisha niliposimama. Nilimwona kisogo tu, na ukosi wa koti lake uliokunjwa vibaya, mama hakuwapo kumkunjulia.

Jumamosi iliyofuata wageni walikuja. Nilishindilia kama kawaida, na walipokwisha nikaliosha lile gobori jipya kwa maji ya moto mpaka yakatoka meupe. Nilibaki kwa Bwana yule miaka mitatu mingine. Watu hunitaka niseme kwamba niliondoka kwa hasira. Sikuondoka. Watoto walikuwa wameanza shule. Aliyeondoka ni yeye, aliuza shamba akaenda kusini na makasha ya mbao, na makasha ya bunduki nilimfungia mimi, kwa majani makavu na magunia, nikakaza skrubu. Aliniachia koti la mvua na barua ya kunisifu. Kwa barua ile nilipata kazi ya fundi kwenye kiwanda kimoja Thika, ambayo nimeifanya mpaka nikazeeka.

Baba aliishi miaka sita baada ya siku ile. Nilikwenda nyumbani sikukuu zote. Hakunifukuza, hakunitukana, alipokea sukari na blanketi nilizomletea akasema asante. Lakini hakunipa tena kitu cha kushika. Ikiwa ni jembe la kutia mpini, ni panga la kunoa, aliita mdogo wangu hata kama mimi nimekaa karibu. Nyani waliingia mahindini wakala, naye alitoka na debe akaligonga kwa fimbo, mzee wa kanisa, akikimbia na debe.

Nilidhani nitamwambia akiugua. Alipougua alikwenda haraka, siku mbili, nikafika amekwisha kufungwa shuka.

Baada ya matanga, watu walipotawanyika, nilibaki na mama jikoni. Nilikuwa nimezileta pete zile. Nikafungua kitambaa nikaziweka chini mbele yake, sita nzima na moja iliyokatwa, nikamweleza yote, ngozi, kisu, seremala wa Thika, na jinsi nilivyosimama kimya baba akipapasa. Sikuacha kitu. Nilidhani atalia, au atanilaani, na vyote viwili ningevipokea.

Mama alizigusa pete kwa kidole akazitenganisha, akaitambua ile ya tano kwa mkato wake.

"Miaka yote hii nilikuwa nikikutetea," akasema. "Alisema uliuza, nami nikasema labda ulikuwa na shida, mtu mwenye mke na watoto huuza. Nilimwambia hivyo usiku na mchana."

"Sikuiuza, mama."

"Nimesikia. Afadhali ungeuza," akasema. "Mwenye kuuza anakuwa na sababu."

Akajiinua kwa kushika goti, akatoka nje kuwafungulia mbuzi, maana kijana wa kuwachunga alikuwa amekwenda na wenzake makaburini na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.